Dawa Kinga, Ufuasi na Simujanja: Historia ya Maneno ya Kumeza Dawa kwa Mtu Asiyeumwa

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi Kiswahili cha Tanzania kilivyopata, na mahali pengine kilivyokosa, maneno ya kusemea jambo moja: mtu ambaye haumwi kumeza kidonge kila siku ili asiambukizwe virusi vya UKIMWI, na kukumbushwa kidonge hicho na simu iliyo mfukoni mwake. Jambo lenyewe ni jipya, lakini maneno tunayolisemea si mapya. Yametoka katika kampeni za redio, katika wodi za kifua kikuu, katika kliniki za uzazi, na mengine katika orodha za mahudhurio ya shule. Kila neno limekuja na mzigo wake wa zamani, na mfasiri anayeandika karatasi ya maelezo ya dawa huubeba mzigo huo apende asipende.

Mfano wetu wa mahali utakuwa Idodi, tarafa iliyo magharibi ya mji wa Iringa kwenye njia ya kuendea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Idodi haikuchaguliwa kwa kuwa hapo ndipo majaribio makubwa yalipofanyika, hayakufanyika hapo. Imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mkoa wa Iringa umeishi na ugonjwa huu kwa uzito usio wa kawaida. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007–08 ulikuta asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo wana VVU, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 5.7. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ni sehemu ya Iringa. Uchunguzi wa mwaka 2022–23 ulikuta asilimia 11.1 mkoani Iringa, na asilimia 4.4 kwa taifa zima, safari hii kwa watu wote wa miaka 15 na kuendelea. Pili, Idodi ni mahali ambapo Mhehe mkulima wa mpunga, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake, na kijana anayehudumu katika kambi ya watalii wote hukutana katika Kiswahili. Neno lisiloeleweka kituo cha afya cha mahali kama hapo halijaeleweka, hata kama limepitishwa na kamati.

Tarafa hiyo ina somo lake la istilahi pia. Tangu miaka ya 1990 vijiji vya Idodi na jirani zake wa Pawaga vimeshirikiana kuhifadhi wanyamapori chini ya jina MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Neno "malihai" lina sura ya neno lililoundwa mezani, mali iliyo hai, na lingeweza kufia humo humo mezani. Halikufa, kwa sababu lilifungwa pamoja na kazi: doria, mikutano ya kijiji, mgawanyo wa mapato. Nitalirejea jambo hili tutakapofika kwenye simu.

Tuanze na kumeza dawa kwenyewe. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao milioni mbili waliifuata wakiwa katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana. Jina la kampeni lilikuwa sentensi ya maelezo. Halikumwamuru mtu kufanya lolote. Amri zilitoka kwa kikundi chenyewe: tuchimbe vyoo, tufyeke majani, tufunike visima. Afya ilisemwa kwa wingi. Miaka minne baadaye, mwaka 1977, ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao Dkt. Karel Styblo, mtaalamu mzaliwa wa Chekoslovakia, aliushauri na kuufanya mfano kwa dunia nzima. Kiini chake kilikuwa kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu. Hapo uhusiano wa maneno ulibadilika. Kukawa na anayemeza na anayetazama, na aliyekosa kufika akaitwa mtoro.

Neno "mtoro" lastahili kutazamwa. Zamani lilimtaja mtumwa aliyetoroka. Baadaye likamwangukia mwanafunzi anayekwepa masomo na askari anayekimbia kambi. Daima limemaanisha mtu aliye na bwana. Huduma za afya zililichukua bila kuliuliza asili yake, na hata leo katika vituo vya tiba na matunzo wagonjwa waliokatiza kliniki huorodheshwa kuwa "watoro", na wahudumu wa jamii hutumwa "kuwafuatilia watoro". Sidhani kama kuna aliyeketi akaamua hivyo. Ndivyo istilahi nyingi huzaliwa: karani ana safu tupu katika daftari, analijaza kwa neno alilozoea.

Njia nyingine, yenye upole zaidi, ilipitia katika uzazi. Kabla ya msemo "uzazi wa mpango" kutawala, watu walisema "uzazi wa majira", na hadi leo kidonge cha kuzuia mimba kinajulikana sana kwa jina la kidonge cha majira. Kwa maoni yangu hili ni mojawapo ya majina bora ya dawa tuliyonayo. Mwanamke anayekimeza haumwi. Anakimeza kwa kipindi anachokitaka, na anapoacha hajatoroka popote, majira yamegeuka. Wataalamu wa kinga ya VVU wangekuwa na hazina ya kuchota hapa, lakini hawakuchota, labda kwa kuwa waliotangulia kuzungumzia dawa za VVU walitoka upande wa tiba.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwanza ugonjwa ulipewa majina na watu: huko Kagera uliitwa Juliana, kwa kuuhusisha na nguo ya jina hilo iliyokuwa ikiuzwa mpakani, na upande wa Uganda ukaitwa Silimu kwa kule kukondesha. Baadaye yakaja "ngoma", "mdudu" na "kukanyaga miwaya". Neno UKIMWI lilipoundwa lilikuwa kazi nzuri ya kifupisho: lina umbo la nomino ya Kiswahili, linatamkika, na limepokewa kiasi kwamba wengi hawakumbuki tena kuwa ni kifupisho. Tofauti kati ya "ukosefu" na "upungufu" wa kinga mwilini imebaki kwa wanaosahihisha mitihani.

Dawa zilipoanza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004, ziliitwa kwanza dawa za kurefusha maisha. Jina hilo lilifariji na kutisha kwa pamoja, maana kinachorefushwa kilikuwa kimekwisha kuwa kifupi. Likafuata "dawa za kupunguza makali", na hatimaye "dawa za kufubaza VVU". Kufubaa ni kudhoofu na kukosa kustawi, kama mche uliokosa maji, na sayansi ya virusi vilivyozimwa bila kuondolewa inakaa vizuri ndani ya picha hiyo. Mkulima wa Idodi haihitaji ielezwe mara mbili.

Ndipo likaja jambo jipya. Mwaka 2010 na 2012 majaribio makubwa yalionyesha kwamba vidonge vya tenofoviri, peke yake au pamoja na emtrisitabini, vikimezwa na mtu asiye na VVU huweza kumkinga. Mojawapo ya majaribio hayo lilifanyika Kenya na Uganda miongoni mwa wenzi 4,747 ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Vidonge vya dawa mbili vilipunguza maambukizo kwa asilimia 75. Marekani iliidhinisha matumizi hayo Julai 2012, na Shirika la Afya Duniani likayapendekeza kwa wote walio katika hatari kubwa Septemba 2015. Kenya ilianza kuyaeneza kitaifa mwaka 2017. Tanzania ilianza kwa majaribio ya huduma, kisha ikapanua. Kifupisho cha Kiingereza, PrEP, kiliingia na vidonge, na Kiswahili cha Tanzania kikajibu kwa "dawa kinga".

Hapa ndipo penye tatizo ambalo naomba wafasiri walipime. Asili ya kukinga ni kuweka kitu kati: mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo, hukinga jua kwa kiganja. Kwa asili hiyo neno linafaa sana. Lakini "kinga" limekwisha kupewa kazi tatu nyingine katika uwanja huu huu. Kinga ni uwezo wa mwili kupambana na maradhi, ndiyo iliyo ndani ya neno UKIMWI. Kinga ni kondomu, kwa kila aliyeambiwa "tumia kinga". Na kinga ndiyo maana ya chanjo kwa mama anayempeleka mtoto kliniki. Anayesikia "dawa kinga" kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni dawa ya kuongeza kinga mwilini, au kwamba imechukua nafasi ya kondomu, au kwamba ni chanjo ya kupata mara moja na kusahau. Dhana hiyo ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote, maana dawa hii hailindi bila kumezwa kwa utaratibu.

Kuna na dhana ya nne. Kwa muda mrefu kumekuwapo dawa anazopewa mtu aliyebakwa au mhudumu aliyejichoma sindano, ambazo hazina budi kuanza ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Hizo nazo huitwa dawa za kinga. Kwa Kiingereza tofauti ya mbili hizi ni silabi moja ya kabla na baada. Kwa Kiswahili chetu cha sasa haipo kabisa. Msichana aliyepatwa na jambo Jumamosi usiku akaambiwa kwamba "dawa kinga hutolewa kliniki ya Alhamisi" amepoteza saa zake kwa sababu ya istilahi. Ningependekeza ya kwanza iitwe "kinga tangulizi" na ya pili "kinga ya dharura". Neno "dharura" hujieleza lenyewe na lina haraka ndani yake.

Sasa tuje kwenye ufuasi. Jaribio moja la miaka hiyo, lililowahusisha wanawake 2,120 wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, lilisimamishwa mwaka 2011 kwa kuwa halikuonyesha faida: maambukizo 33 kwa waliopewa dawa, na 35 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa ilikuwa ile ile iliyowalinda wenzi wa Kenya na Uganda. Asilimia 95 ya wanawake hao walisema kwamba aghalabu au daima humeza kidonge. Damu ilisema vinginevyo: dawa ilionekana kwa chini ya asilimia 40 yao. Tangu hapo suala la kufuata dawa likawa ndilo suala lenyewe.

Msomaji mwepesi atasema wanawake walidanganya. Anayeshughulika na lugha atauliza kwanza waliulizwaje, na nani, na kwa neno gani. "Ufuasi" ni jina zuri la unyambulishaji, lakini mfuasi ni wa dini, wa chama, wa mwalimu. Anayeulizwa kuhusu ufuasi wake anaulizwa kuhusu utiifu wake, na jibu la swali la utiifu mbele ya mwenye koti jeupe linajulikana kabla halijatolewa. Sipendekezi tulifute neno hili. Limekwisha kukaa katika miongozo na midomoni mwa wanasihi. Napendekeza libaki kwa tiba, na kwamba kwa kinga tutumie "udumifu", kwa sababu linaeleza muda bila kumtaja bwana. "Mtoro" liondolewe kabisa katika kinga. Mtu aliyeacha kidonge kwa kuwa hatari yake imekwisha, na amefanya hivyo kwa ushauri wa kliniki, hajatoroka.

Simu iliingia katika habari hii kwa mlango mdogo. Kati ya mwaka 2007 na 2009 watafiti nchini Kenya waliwafuata wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza VVU, jijini Nairobi na huko Kajiado. Nusu yao walipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye neno moja: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au asiyejibu, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba waliopokea ujumbe walimeza dawa ipasavyo kwa asilimia 62, na wasiopokea kwa asilimia 50. Mengi yameandikwa na wataalamu wa afya kuhusu jaribio hili. Sijaona aliyesifu lugha yake, nayo ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Ujumbe haukutaja dawa, ugonjwa wala kliniki. Mume, shemeji au mwenye duka aliyeuona hakuona kitu. Na neno "Shida" liliacha nafasi kwa kila shida: nauli, njaa, kichefuchefu, ugomvi nyumbani. Hakuna istilahi iliyoundwa hapo, na hakuna iliyohitajika.

Hata hivyo "Mambo?" ni salamu ya rika. Kwa kijana wa Nairobi ni sawa. Kwa mama mtu mzima wa Idodi aliyezoea kuamkiwa "Kamwene" na kujibiwa kwa heshima, salamu hiyo ikitoka kwa mashine ni utovu wa adabu. "Habari za leo?" ingefaa kote, na ni ndefu kwa herufi chache tu.

Kilimanjaro walijaribu pia kisanduku cha dawa chenye laini ya simu ndani yake, ambacho hutoa taarifa kila kinapofunguliwa. Hapo tumerudi kwa Styblo: mtazamaji yupo tena, ila sasa hana macho. Mkoani Iringa kwenyewe ulifanyika mradi wa utafiti ulioitwa Shikamana, wa watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Marekani, uliowashirikisha wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Ulikuwa na kituo cha kukutania, waelimishaji rika, wasindikizaji wa kwenda kliniki, na ujumbe wa simu wa kuhimizana. Kisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na watafiti wa Norwei, kikaandaa programu ya simujanja iitwayo Jichunge, kwa ajili ya wanaotumia dawa kinga miongoni mwa wanawake hao na miongoni mwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Watumiaji walikuwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 2021, na Tanga, isiyopewa programu, ikawa ya kulinganishia. Programu ilikumbusha kidonge, ilitoa maelezo, na ilimwezesha mtumiaji kuandikiana na daktari au mwelimishaji rika bila kwenda kituoni.

Naomba msomaji ayapange majina haya kwa mfuatano: Mtu ni Afya, Shikamana, Jichunge. Kenya nako mradi mkubwa wa kueneza dawa hizi uliitwa Jilinde. Tulianza na maelezo, tukapita katika kauli ya kutendana, tukafika katika kiambishi cha kujirejea. Mzigo wa afya umesogea kutoka kwa kikundi hadi kwa watu wanaoshikana, na kutoka hapo hadi kwa mtu mmoja na skrini yake. Sisemi kwamba waliochagua majina walikusudia hivyo. Sarufi imeandika historia ambayo wao hawakuikusudia.

"Jichunge" lenyewe ni jina lenye sura mbili. Mtaani hutamkwa kama onyo, karibu na tishio: jichunge, nitakuonyesha. Lakini kuchunga ni kazi ya mchana kutwa, ya kutazama bila kupiga, ya kumrudisha mnyama aliyepotea bila kumwita mtoro. Huko Idodi, penye mifugo mingi, maana hii ya pili bado iko hai, na ingekuwa rahisi kwa mnasihi kuijenga.

Kuhusu chombo chenyewe nitasema machache. "Simujanja" limeenea, ingawa ujanja katika ngano zetu ni wa sungura, na mtu anayetaka kutunza siri angeweza kusita kuikabidhi kwa mjanja. "Programu tumizi" limebaki vitabuni. Vijana husema aplikesheni. Linganisha na "kishikwambi", ambalo wengi walilicheka hadi Sensa ya Agosti 2022 ilipoviweka vishikwambi mikononi mwa makarani, na baadaye mikononi mwa walimu. Neno na kitu vilifika siku moja, kama malihai na doria za Idodi. Na pale ambapo wengi bado wana kitochi, ujumbe mfupi ndiyo programu yao, na mfasiri asiandike "pakua" kwa mtu asiye na cha kupakulia.

Zaidi ya yote mfasiri aliangalie neno "arifa". Katika simu ni maandishi yanayojitokeza juu ya kioo hata kikiwa kimefungwa. Arifa isemayo "Muda wa dawa yako ya kinga ya VVU" imemtangaza mwenye simu kwa kila aliyeketi naye mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu wanaokusanya taarifa. Haimhusu shemeji anayechungulia. Hapo mlinzi ni mfasiri peke yake, na chaguo lake la maneno matatu au manne.

Maneno haya yatahitaji kutazamwa tena hivi karibuni. Mwaka 2024 sindano ya lenakapaviri, inayodungwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa Afrika Kusini na Uganda, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya wanawake zaidi ya 2,100 walioipata. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025, mwaka ule ule ambao fedha za Marekani za dawa kinga zilipunguzwa ghafla. Kwa sindano hiyo kitenzi "kumeza" hakitakuwa na kazi, na simu italia mara mbili kwa mwaka. Wenye kliniki wameanza kuniuliza kama waandike "sindano kinga" au "kinga ya sindano". La kwanza linafanana mno na chanjo. Ningependa kusikia kutoka kwa wauguzi wa vijijini ni lipi kati ya hayo mawili wateja wao hulirudia wenyewe wanapotoka nje ya mlango.